Mizizi, Majani na Kitimoto: Vidokezo kwa Mfugaji wa Nguruwe wa Yaeda Chini na Majirani Zake

Siku ya mnada hakosekani muuza dawa mwenye chupa za maji meusi na mafungu ya mizizi yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Anatibu mgongo, anatibu ndoa, na siku hizi anatibu homa ya nguruwe pia. Ukimbishia, mjukuu wake anatoa simu na kukuonyesha habari kwamba wanasayansi wa ng'ambo wamegundua mimea inayoua virusi vya nguruwe. Cha ajabu ni kwamba habari hiyo mara nyingi ni ya kweli. Tatizo ni kile anachokuuzia kwa kutumia habari hiyo.

Vidokezo hivi ni kwa yeyote mwenye nguruwe wawili watatu nyuma ya nyumba, kuanzia Dongobesh na Haydom, kupitia Yaeda Ampa, hadi bondeni Yaeda Chini na kuvuka upande wa Hanang. Havitakukataza kupenda miti shamba. Vitakusaidia kujua mti upi unafanya kazi gani, na upi umepewa kazi isiyo yake.

1. Mjue adui kabla ya kumtafutia mzizi

Homa ya nguruwe ya Afrika ni mwenyeji wetu wa siku nyingi. Aliyeiandika kwa mara ya kwanza ni daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery, mwaka 1921, baada ya kuona nguruwe wa walowezi wa Kenya wakifa zizi zima. Zaidi ya miaka 100 imepita na sura ya ugonjwa haijabadilika: nguruwe anapandwa na homa kali, anakataa pumba, wanalundikana pamoja kama waliopigwa na baridi, masikio na tumbo vinageuka vyekundu au zambarau, wengine wanatoka damu puani au kinyesi chao kinakuwa na damu, na majike wenye mimba wanaitoa. Wengi hufa ndani ya siku chache tangu dalili zionekane. Aina kali ya virusi inaweza kumaliza banda lote.

Binadamu haambukizwi, kwa hiyo anayekuambia kitimoto kimempa homa ya nguruwe anakutania. Lakini viatu vyako, kisu chako na ndoo yako vinaweza kubeba virusi hadi kwa nguruwe wa jirani.

Dawa ya kutibu haipo. Si ya hospitali, si ya duka la mifugo, si ya porini. Sindano anayopigwa nguruwe mwenye homa hii inapambana na bakteria wanaodandia, si na virusi vyenyewe.

2. Usimwonee ngiri, mtafute papasi

Hapa Yaeda Chini ina hadithi yake. Juu kwenye nyanda za Wairaqw kuna mashamba, mabanda na nguruwe wa kufugwa. Chini bondeni kuna mibuyu, migunga, ng'ombe wa Wadatoga, kambi za Wahadzabe, na ngiri wanaolala kwenye mashimo yaliyochimbwa na muhanga. Katika mashimo ya namna hiyo ndipo anapoishi papasi, yule mdudu wa kijivu asiye na gamba gumu, ndugu wa anayewapa watu homa ya papasi katika nyumba za udongo.

Virusi vya homa ya nguruwe na papasi ni marafiki wa karne nyingi. Papasi huvibeba kwa miaka, huambukizana wakati wa kujamiiana, na jike huvirithisha kwa mayai yake. Mtoto wa ngiri anaumwa na papasi wiki zake za kwanza akiwa bado shimoni, virusi vinazunguka kwenye damu yake kwa muda mfupi, kisha anaendelea na maisha kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwaka 1969 Walter Plowright na wenzake, waliokuwa na maabara yao Muguga nchini Kenya, walichapisha habari za virusi hivyo walivyovipata ndani ya papasi waliokusanywa kwenye mashimo ya wanyama hapa Tanzania, katika Serengeti. Kutoka Yaeda, Serengeti si mbali: ni kuvuka Ziwa Eyasi na kupita Ngorongoro.

Ngiri mzima akikatiza shambani, kwa kawaida hamwambukizi nguruwe wako kwa kumpitia tu. Hatari ni papasi aliyedandia mzoga au ngozi, na mabaki ya nyama yaliyotupwa nyuma ya jiko. Kwa hiyo mabaki yoyote ya ngiri au nguruwe pori yachimbiwe shimo refu au yachomwe. Mbwa ale kingine, nguruwe ale kingine.

Papasi pia kwa kawaida hajifichi kwenye manyoya kama kupe wa ng'ombe. Hutoka kwenye ufa usiku, hunyonya kwa dakika chache hadi nusu saa, kisha hurudi ukutani. Ukimpaka nguruwe majani asubuhi, papasi alishaondoka zamani. Dawa yake ni kuziba nyufa.

3. Habari za maabara zisome hadi aya ya mwisho

Sasa tuingie kwenye simu ya yule mjukuu. Mwaka 2011 watafiti wa Hispania walionyesha kwamba resveratroli, kemikali iliyomo kwenye ganda la zabibu, na nduguye kutoka kwa mforosadi, zilizuia virusi vya homa ya nguruwe kuzaliana kwenye seli, karibu kabisa. Watafiti wa Armenia walifanya hivyo kwa apijenini, kemikali inayopatikana kwenye majani ya pasli na maua ya kamomili, na mazao ya virusi yakapungua kwa zaidi ya asilimia 99. Nigeria walijaribu mmea wao wa msituni mwaka 2013. Poland mwaka 2021 walipima dondoo za mimea mbalimbali kama dawa ya kusafishia, na mnanaa ndio uliofanya vizuri. Kuna hata waliochanganya chakula cha nguruwe kilichochafuliwa na virusi pamoja na kemikali itokanayo na asidi iliyojaa kwenye mafuta ya nazi, na nguvu ya virusi ikashuka.

Inapendeza, na kwa kweli ni kazi nzuri ya kisayansi. Lakini angalia ilikofanyika: kwenye seli zilizooteshwa ndani ya chombo, kwenye nyuso zilizopakwa virusi, au ndani ya chakula. Hakuna hata moja kati ya hizo ambapo nguruwe mgonjwa alinyweshwa kitu akapona.

Kutoka chombo hadi nguruwe kuna safari. Resveratroli ikimezwa, utumbo na ini huivunja upesi, na kinachofika kwenye damu kikiwa salama ni kidogo mno. Mfugaji wa Dodoma aliyezungukwa na mizabibu anaweza kumlisha nguruwe wake makapi ya zabibu mwaka mzima. Atapata nguruwe aliyeshiba, hatapata nguruwe mwenye kinga.

Ukisoma habari yoyote ya aina hii, jiulize maswali matatu tu. Walijaribu kwa nguruwe hai au kwa seli? Nguruwe waliambukizwa kweli, au walilishwa tu wakaonekana na afya? Kulikuwa na kundi la pili lisilopewa dawa, la kulinganisha nalo? Jibu la kwanza likiwa "seli", furahia maendeleo ya sayansi, kisha ukaangalie kama geti la banda limefungwa.

4. Sumu ya mshale nayo inaua virusi, na ndiyo maana uwe mwangalifu

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda, kwa sababu jibu lake liko Yaeda kwenyewe.

Wahadzabe huwinda kwa mishale yenye sumu, na sumu hiyo hupikwa kutoka kwa mimea. Mmoja ni kile kichaka chenye shina nene na maua ya waridi ambacho watu wa mjini hukipanda kwenye vyungu vya verandani na kukiita waridi la jangwani. Mwingine ni mmea wa jamii ya strofantusi, na hutumika mbegu zake. Wawindaji wa makabila mengine ya Afrika Mashariki, wakiwemo Wakamba na Wagiriama, walitumia msunguti. Mimea hii mitatu ni ya ukoo mmoja, na kemikali zake hufanya kazi moja: huzuia pampu ndogo inayosukuma chumvi ndani na nje ya seli. Pampu hiyo ikikwama kwenye misuli ya moyo, moyo unapoteza mapigo, na pundamilia anaanguka.

Kemikali maarufu ya msunguti inaitwa uabaini, na jina hilo limetokana na neno la Kisomali la sumu ya mishale. Miaka michache iliyopita watafiti wa Taiwan waliichukua uabaini na kuijaribu kwenye seli za nguruwe zilizoambukizwa virusi vya kuhara na kutapika vinavyoua watoto wa nguruwe. Vilipungua. Ukiandika kichwa cha habari kwa haraka kitasomeka: "Mti wa Afrika watibu ugonjwa wa nguruwe." Ukimpa nguruwe wako mti huo, atakufa kwa moyo kabla virusi havijapata nafasi.

Dawa na sumu hutofautishwa na kipimo, na kipimo cha mzizi hakijulikani kwa macho. Mti wa bondeni na mti wa mlimani, wa masika na wa kiangazi, mchanga na mzee, kila mmoja una kiasi chake cha kemikali. Dawa za moyo za kundi hilihili bado hutolewa hospitalini, lakini hupimwa kwa sehemu ndogo za miligramu, na daktari anamwangalia mgonjwa. Kikombe cha chai na kiganja cha mkono havitoshi kuwa mizani. Usijaribu mmea wowote wa sumu ya mishale, hata kwa nguruwe ambaye umeshamkatia tamaa. Na nyama yake usiile wala usiiuze.

5. Kumbuka kikombe cha Loliondo

Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kuelekea Samunge, Loliondo, kwenda kunywa kikombe cha Babu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Mti ulioitwa mugariga, ambao wataalamu wa mimea wa Kiswahili huuita mtandamboo, ulipata umaarufu ambao hakuna mti mwingine wa nchi hii umewahi kuupata. Babu alifariki mwaka 2021.

Wengi hawajui kwamba miaka mitano kabla ya foleni ile, mwaka 2006, watafiti wa Kenya walikuwa wamechapisha matokeo ya mti huohuo: dondoo ya mizizi yake ilizuia virusi vya hapesi kwenye seli, na panya wa maabara walioambukizwa wakapata nafuu. Kwa hiyo mti una kitu. Kutoka hapo, hata hivyo, hadi kutibu kisukari, UKIMWI na saratani kwa kikombe kimoja, hakuna aliyewahi kujenga daraja, na waliotupa dawa zao za hospitali wakiamini wamepona ndio walioumia zaidi.

Jambo jingine la kutisha kidogo: mtandamboo na msunguti ni ndugu wa ukoo mmoja, na majani na matunda yao yanafanana. Mtandamboo una miiba, msunguti hauna. Mzizi uliochimbwa, ukakatwa na kukaushwa, hauna mwiba wala jani. Anayekuuzia mnadani anajuaje kilichomo kwenye fungu lake? Muulize, na umwangalie usoni anapojibu.

6. "Alipona!" Alipona nini?

Kila dawa ya nguruwe ina shahidi wake. "Wangu walikuwa wekundu masikio, nikawanywesha mshubiri na kitunguu saumu, wakapona wote." Inawezekana shahidi anasema kweli na bado mshubiri haukufanya kitu. Kuna ugonjwa wa bakteria unaomletea nguruwe homa na mabaka mekundu ya pembe nne kwenye ngozi. Huo penisilini inauweza kabisa, na baadhi ya nguruwe hupona wenyewe. Jua kali nalo hubabua nguruwe weupe. Sumu ya ukungu kwenye mahindi yaliyooza huwaangusha kadhaa kwa mpigo.

Kutenganisha haya kwa macho hawezi hata daktari mzoefu. Inahitaji damu au kipande cha wengu kipelekwe kwenye Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Bila majibu ya maabara, "dawa yangu inatibu homa ya nguruwe" ni kauli ya mtu asiyejua alikuwa anatibu nini.

7. Ipe miti kazi inayoiweza

Tusiwe wachoyo. Miti ina kazi nyingi bandani.

Majani ya mlonge yana protini ya kutosha kuchanganywa kidogo kwenye pumba na mashudu ya alizeti. Matembele nguruwe huyapenda kuliko unavyodhani. Mafuta ya mwarobaini wafugaji wengi huyapaka kwenye upele wa ngozi. Utupa, ule mmea ambao wazee waliutumia kulevya samaki, hupunguza kupe wa ng'ombe. Ila usimwage mabaki yake kwenye mto au bwawa, kwa sababu samaki hawatambui kwamba ulikusudia kupe. Kivuli cha mti wowote mkubwa juu ya banda, katika joto la bondeni, kinamsaidia nguruwe zaidi ya chupa tatu za mnadani, maana mnyama huyu hajui kutoa jasho la kumpoza.

8. Makombo yachemke

Hiki ni kifupi na ndicho kinachookoa nguruwe wengi. Mabaki ya hotelini, ya harusi na ya kilabu cha pombe yanaweza kuwa na vipande vya kitimoto. Virusi hukaa hai kwenye nyama mbichi, iliyokaushwa au iliyotiwa chumvi kwa wiki na miezi. Joto ndilo linalovishinda: nyuzi 60 za sentigredi kwa dakika 20 zinatosha. Wewe usihangaike na kipimajoto. Acha sufuria itokote nusu saa huku ukikoroga, ipoe, ndipo uwape. Ndoo ya makombo mabichi isiingie bandani, wala isipakuliwe kwa upawa uleule wa yaliyoiva.

9. Banda, soda na gambuti

Ukuta upigwe plasta bila ufa. Sakafu iwe ya saruji ukiweza. Uzio uwe wa kumzuia nguruwe asitoke na mbwa, ngiri na nguruwe wa jirani wasiingie.

Mlangoni weka gambuti za bandani peke yake, na beseni la dawa ya kukanyagia. Dawa rahisi ni soda kali ya kutengenezea sabuni: gramu 80 kwenye ndoo ya lita 10, iachwe ifanye kazi dakika 30. Vaa glavu, inababua. Klorini ya kufulia nayo inafaa ikiwa nzito. Lebo ikisema asilimia 3.5, changanya sehemu mbili za dawa na moja ya maji. Usichanganye soda hiyo, klorini na dawa nyingine kwenye ndoo moja. Muhimu kuliko vyote, sugua kinyesi kwanza kwa maji na sabuni, kwa sababu dawa iliyomwagwa juu ya mavi inaua mavi tu.

Banda lina faida ya pili ambayo Mbulu inaijua vizuri. Mwaka 2004 Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzake walichapisha utafiti wa nguruwe 770 katika vijiji 21 vya wilaya ya Mbulu: waliwakagua ulimi, na asilimia 17.4 walikuwa na malengelenge ya minyoo ya tegu. Hao si virusi. Lakini mayai ya tegu yakimwingia binadamu yanaweza kufika kwenye ubongo na kumletea kifafa, na watafiti waliofanya kazi katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom wamewaona wagonjwa wa namna hiyo. Nguruwe anayezurura huokota tegu chooni na vichakani kama anavyookota virusi jalalani. Choo chenye mlango na nguruwe aliyefungiwa vinazuia yote mawili, na hakuna mzizi unaoweza kudai hivyo.

10. Barabara inaambukiza kuliko pori

Mwishoni mwa mwaka 2010 homa ya nguruwe iliibuka Kyela, karibu na mpaka wa Malawi. Mwaka uliofuata ilikuwa imeshafika Dar es Salaam. Hakuna ngiri aliyetembea njia hiyo; ilisafiri kwa lori, kwa bodaboda, kwa mfuko wa nyama na kwa wafugaji walioharakisha kuuza baada ya kuona wa kwanza amekufa. Virusi hivyo ni vya kundi ambalo asili yake ni kusini mashariki mwa Afrika; vya kundi hilohilo ndivyo vilivyovuka hadi Georgia mwaka 2007, na kufikia Agosti 2018 vilikuwa China.

Kwa hiyo nguruwe mgeni akae peke yake mwezi mzima kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Dume la kuazima linalozunguka kijiji kizima linabeba zaidi ya mbegu. Kama ni lazima, majirani wachache mnaoaminiana mliweke la kwenu na lisitoke. Mnunuzi asimamie nje ya uzio, achague kwa kunyoosha kidole.

11. Chanjo: subiri, lakini usinunue ya magendo

Wazee wa Kidatoga na Kiiraqw wanajua jina la sotoka, tauni iliyofagia ng'ombe wa nchi hii miaka ya 1890. Miti ya kutibu ng'ombe ilikuwepo, na waganga hodari walikuwepo. Kilichoimaliza sotoka ni chanjo, iliyotengenezwa na Plowright yuleyule wa papasi wa Serengeti, na mwaka 2011 dunia ikatangazwa kuwa haina tena ugonjwa huo.

Kwa homa ya nguruwe, Vietnam iliidhinisha chanjo zake za kwanza miaka ya karibuni. Zimetengenezwa kwa virusi hai vilivyopunguzwa makali, vya lile kundi lililovuka hadi Georgia. Tanzania ina makundi mengine pia, na chanjo ya kundi moja si lazima ikinge jingine. Akija mtu na chupa ya chanjo kwenye kipoza-soda, akikwambia imetoka nje kwa njia anazozijua mwenyewe, mwache aende. Virusi hai vilivyohifadhiwa vibaya au visivyofaa vinaweza kukuletea ugonjwa uliokuwa hauna.

12. Mti wa bondeni una wenyewe

Kama kweli unaamini mzizi fulani una nguvu, usiingie bondeni na jembe. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya ardhi yao, na kwa miaka kadhaa sasa vijiji vya huko vinapata fedha za hewa ukaa kwa sababu miti imesimama. Kuchimba mizizi na kubandua magome ni kuvuna fedha za jirani bila kumuuliza. Maarifa yenyewe pia ni mali: mzee wa Kihadzabe aliyekuonyesha mti ana haki ya kutajwa, na ya kulipwa siku mti huo ukizaa dawa.

Njia ya halali ipo. Chuo cha Sokoine Morogoro, Taasisi ya Nelson Mandela Arusha na Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili wana watu wanaochunguza mimea. Wapelekee tawi lenye jani na ua, jina la mti kwa lugha ya kwenu, mahali ulipoota, sehemu inayotumika na kiasi kinachotolewa. Hivyo ndivyo pakanga ilivyogeuka kuwa dawa ya malaria: Tu Youyou wa China alianzia kwenye maandishi ya kale ya waganga, akaitenga kemikali yenyewe mwaka 1972, ikapimwa kwa wagonjwa kwa miaka, naye akapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015. Aliyekunywa pakanga ya kuchemsha wakati wa Korona, au kupiga nyungu hadi ngozi ikaiva, alikuwa bado yuko kwenye hatua ya kwanza ya safari hiyo.

13. Akifa mmoja, mpigie afisa mifugo kabla hujampigia mnunuzi

Homa ya nguruwe ni ugonjwa wa kutolewa taarifa chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003. Najua kinachokuzuia: unaogopa karantini, unaogopa bei kushuka, unaogopa jirani kukunyooshea kidole. Lakini virusi vilivyofichwa kwako wiki hii vitakuwa kwa shemeji yako wiki ijayo, na majike mtakayotaka kuanza nayo upya hayatapatikana kata nzima.

Usipasue mzoga kutafuta sababu, kwa kuwa damu yake imejaa virusi. Usigawe nyama, usitupe korongoni. Zuia watu na nguruwe wasiingie wala kutoka, zika mzoga kwenye shimo refu na umwagie chokaa baada ya mtaalamu kuchukua sampuli, na banda liache tupu kwa muda atakaokuambia. Namba ya afisa mifugo wa kata yako iandike leo kwa chaki kwenye mlango wa banda, mahali ambapo hata mtoto anayebaki nyumbani ataiona.